Mlio wa Pikipiki Mkokotoni

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba kalamu hii nimeishika kwa vidole vyangu vyote. Vijana mnaopanda pikipiki mtaelewa kwa nini nimeitanguliza shukurani hiyo. Nimekalia mashine za magurudumu mawili tangu ndevu hazijaniota mpaka zimekuwa nyeupe, na mwezi uliopita, nilipoikabidhi mashine ya hospitali, karani aliniuliza kama nasikitika. Nikamwambia kuwa usiku uliopita nililala chali kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi bila ya mgongo kunisemesha. Jibu hilo hakuliandika kwenye fomu.

Mmenitaka niandike niliyoyaona kazini. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na hakuna hata kimoja kilichonisaidia kuitoa mashine topeni. Nitazieleza mashine zenyewe, mtu aliyenifunza, na siku moja niliyokosea kwa sababu ya kushika adabu. Siku hiyo ndiyo hasa ninayotaka muijue.

Mashine ya kwanza niliyoigusa haikuwa yangu. Ilikuwa ya mteja wa Fundi Mabruki, aliyekuwa na banda lake mtaa wa Ng'ambo, hapa Unguja mjini. Wazee wake Fundi walitoka bara, Unyamwezi, na yeye alizaliwa hapa hapa. Mimi nilikuwa nimehitimu chuo cha Kurani, nimehifadhi juzuu kadhaa, na baba alitaraji nitafundisha watoto. Ndiyo maana mpaka leo watu huniita Maalim, ingawa nimefundisha plagi kuwaka zaidi kuliko nilivyofundisha mtu kusoma.

Siku ya kwanza Fundi alinipa mnyororo, bakuli la mafuta ya taa na brashi, akaniambia nisafishe. Nikasafisha tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nilipomuuliza lini nitapanda, alisema, "Kwanza ijue inavyoumwa, mwanangu. Kuipanda hata mwizi anaweza." Ilipita miezi miwili. Siku niliyopanda niliingia nayo kwenye makuti ya jirani yaliyopangwa kwa kuezekea, nikatokea upande wa pili na kuti shingoni. Fundi hakucheka. Aliniuliza tu kama nimeifunga petroli.

Mambo mawili aliyonifunza nataka myashike. La kwanza, Mji Mkongwe vichochoro ni vyembamba na kuta zinarudisha sauti, basi ukipita karibu na msikiti watu wako kwenye sala, zima mashine uisukume. "Chuma hakina adabu," akisema. "Adabu ni za aliyekikalia." La pili ni mafuta ya mashine mikononi. Mnajua kwamba kinachozuia maji kufika ngozini kinaharibu udhu. Mwalimu wangu wa chuoni alisikia kuwa nimekuwa fundi, akawa ananisimamisha mlangoni mwa msikiti kunikagua kucha mbele za watu kabla hajaniacha niingie safuni. Fundi Mabruki ndiye aliyenionesha dawa: majivu makavu kwanza, halafu ndimu, halafu sabuni ya kufulia, na kijiti cha ukuti kwenye kucha. Huchukua dakika kumi. Anayekwambia hazipo, mwambie hizo ni zile anazozipoteza akitafuta spana aliyoiweka mwenyewe.

Baada ya vita nikapata mashine yangu mwenyewe, moja katika zile zilizoachwa na jeshi. Ilikuwa ya rangi ya kaki, na kila rangi ilipobanduka kutu ilionekana, mpaka ikawa na madoadoa mwili mzima. Mke wangu akaiita Kanga, na kama kanga yule ndege, ilikuwa na kelele nyingi na haikupenda kushikwa. Kwa Kanga nimekijua kisiwa. Nimekwenda Uroa maji ya pwani yametoka, nikipita juu ya mchanga mgumu kwa sababu ulikuwa tambarare kuliko barabara. Nimepita Jozani nikazuiwa na kima punju waliokaa katikati ya njia, wakinitazama kama mimi ndiye niliyepotea. Nimejifunza pia kwamba karafuu zikianikwa kando ya barabara, barabara ni ya mwenye karafuu. Kanyaga jamvi lake mara moja, utasimuliwa mpaka wajukuu.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nikaajiriwa tarishi wa pikipiki kwenye hospitali ya mjini. Mashine ya kwanza niliyopewa ilikuwa na sanduku la pembeni lenye gurudumu lake, la kubebea dawa za vituo vya shamba. Ilikuwa nzito kuigeuza, ila mvuani haikuanguka, na zaidi ya mara moja mkunga alikaa ndani ya sanduku lile na mwavuli wake wazi, tukapita vijijini kama harusi. Ya pili ilikuwa nyembamba, yenye tabia ya kuzimika mbele ya watu tu. Ya tatu ilikuwa nyeusi, ya silinda moja, yenye mlio mzito uliofika kabla yake. Ukikaa Mkokotoni, kule kaskazini ya kisiwa, kama upepo unatoka kusini, uliweza kuisikia kabla hata haijaonekana.

Kufika wakati wa mashine hii nyeusi, dawa zilikuwa zinakwenda kwa gari, na barua za kawaida pia. Pikipiki ilibakishiwa kazi moja. Mgonjwa wa shamba akifariki hospitali, nilitumwa kuwaarifu jamaa zake, kwa sababu maiti haiwekwi. Kaburi linataka kuchimbwa, sanda kununuliwa, na watu kukusanyika kabla jua halijazama. Mgonjwa aliye hai, khabari zake zilingoja gari la abiria. Ulikuwa mpango mzuri wa petroli. Hakuna aliyefikiri unavyosikika kwa mtu aliyekaa kijijini.

Kazi ile ilikuwa na adabu zake, na mimi nilizishika kama nilivyoshika juzuu. Khabari haitamkwi njiani. Ukiulizwa "Kwema?" unajibu "Kwema, inshallah," hata kama si kwema. Unamtaja mwenye nyumba, unapelekwa, unakaa barazani, hunywi wala huzungumzi mpaka afike yule khabari inayomhusu, kisha unamwambia yeye peke yake kwa sauti ndogo. Kwa miaka sita nilifanya hivyo, na watu wakanisifu kwamba nina staha. Watoto walipokuwa wakicheza, ikisikika mashine yangu, mama zao waliwaita ndani.

Sasa ile siku.

Ilikuwa asubuhi, mvua ya masika imenyesha tangu alfajiri na ndiyo kwanza inakatika. Nesi mmoja, Bi Salma, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, aliniita wadini. Kitandani alikuwapo mwanamke kijana jina lake Mize, wa Mkokotoni, aliyeletwa siku iliyotangulia na jirani kwa gari la mboga. Tumbo lilikuwa limemvimba na uso umembadilika. Bi Salma akanitoa nje.

"Utumbo umejisokota," alisema. "Daktari anataka kumpasua leo. Mwenyewe hataki."

"Anaogopa?"

"Haogopi. Anasema mumewe hajui, na yeye hakatwi mwili bila ya mumewe kujua. Nshamwambia, daktari kamwambia, hata mpishi kamwambia. Kichwa chake jiwe. Simu ya Mkokotoni imekatika kwa mvua. Nenda kamlete huyo mume, anaitwa Pandu. Daktari kasema ikipita saa nane, hata kisu hakitasaidia."

Ilikuwa saa tatu. Kabla sijaondoka, Bi Salma alinipa barua ya daktari ya kumpa Pandu, kisha akaja na mto wa hospitali, akaufunga kwa kamba juu ya kichukuzi cha nyuma. Nikamwambia kuwa sheria ya tarishi hairuhusu kupakia mtu, wala mali ya wadi kutoka nje. Akanambia, "Basi watushitaki sote watatu, mimi, wewe na mto." Nikasoma dua ya safari, nikapiga kiki, nikaondoka.

Ni maili ishirini na kidogo. Barabara ilikuwa inateleza, nikafika saa nne na dakika chache. Nilipoingia sokoni Mkokotoni, watu walinyamaza kuanzia mwanzo wa soko mpaka mwisho, kama mtu anayekunja jamvi. Muuza samaki aliyekuwa ameinua panga aliliteremsha polepole bila ya kukata. Mzee mmoja akanijia.

"Kwema, Maalim?"

"Kwema, inshallah. Namtaka Pandu, mume wa Mize."

Hapo ndipo nilipokosea, na sikujua. Nilikuwa na khabari ya mtu aliye hai, lakini miaka sita ilikuwa imenifunga ulimi. Barua ilikuwa ya Pandu, ugonjwa ulikuwa wa mkewe, na mimi nilijiambia kuwa siri ya tumbo la mwanamke haisemwi mbele ya mizani ya samaki. Yule mzee aliinamisha kichwa, akanishika mkono kwa mikono miwili, akamtuma mtu kumwita Pandu aliyekuwa shambani kwake, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mimi nikapelekwa kwa mama yake Mize, Bi Kombo. Nikaketi barazani. Bi Kombo alitoka, akanitazama, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akarudi ndani bila ya kuuliza kitu. Nikasema moyoni, mwanamke mwenye subira huyu.

Nilikaa. Nikawa natazama saa na njia ya shambani. Baada ya muda wakapita vijana wanne na majembe, na wa tano na chepe, wakielekea upande wa makaburi. Wakanisalimia kwa adabu kubwa. Nikamuuliza yule mzee wa sokoni, aliyekuwa ameketi nami, "Nani amefariki?" Alinitazama tu machozi yakimlengalenga, na mimi nikadhani marehemu ni jamaa yake. Basi nikafanya lile ambalo Muislamu yeyote angelifanya. Nikainua mikono, nikasema kwa sauti, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," nikamuombea maiti rehema na kaburi lenye wasaa.

Ndani ya nyumba wanawake wakaangua kilio.

Wallahi hata hapo sikufahamu. Nilimpa mzee mkono wa pole. Yeye akanipa mimi. Tukawa tunapeana pole, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyefiwa, au mwenye kuleta msiba, mpaka Pandu alipotokea njiani akikimbia, miguu imejaa tope, na nyuma yake mtu amebeba kifurushi cha bafta nyeupe, nguo ya sanda, kutoka dukani. Nilipoiona ile nguo ndipo nilipofahamu. Saa ilikuwa tano na nusu.

Nilisimama nikasema kwa sauti, adabu zote pembeni, "Mize hajafa. Yu hai. Anatakiwa kupasuliwa na anamngoja mumewe."

Kilio kilikatika mara moja, kisha kikaanza upya, kwa nguvu zaidi.

Pandu alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini. Alinishika bega. "Ahsante, Maalim," alisema. "Najua mnavyofanya. Baba alipofariki mjini niliambiwa vivi hivi, kwamba ananita. Niliambiwa hivyo ili nifike. Wewe usijitaabishe. Ntaoga, ntavaa, ntakuja na gari la saa saba pamoja na wazee, tumchukue kwa heshima."

"Saa saba umeshachelewa."

"Maiti hakimbii, Maalim."

"Pandu, mkeo anazungumza. Kamgombeza nesi."

"Ndivyo alivyokuwa," alisema, na akaanza kulia.

Nikamtolea barua. Hakuweza kuisoma, na waliokuwapo walikuwa wasomi wa Kiarabu kama mimi, si wa herufi zile za Kizungu. Mwalimu wangu alinionya tangu udogo nisimfanye Mwenyezi Mungu ngao ya maneno yangu, na katika maisha yangu nimeapa mara chache mno. Siku ile niliapa mbele ya watu arubaini. Mzee wa sokoni akanambia kwa upole, "Mtu huapa pia kumfikisha mwenzake salama, Maalim. Mungu ni mwenye kusamehe." Nikaona kwamba sifa yangu yote ya staha ndiyo iliyonifunga. Kila nilivyozidi kusema, ndivyo walivyozidi kunihurumia kwa uzito wa kazi yangu. Na kule makaburini majembe yalikuwa yanasikika.

Ndipo Bi Kombo alipotoka. Ushungi umemwangukia mabegani, macho mekundu, lakini hatua zake zilikuwa za mtu aliyeshughulika. Hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine, akaubonyeza ule mto kwa kidole.

"Huu wa nini?"

"Wa kukalia Pandu, Bi Kombo. Nesi ndiye aliyeufunga."

"Nani amewahi kumuona huyu kapakia mtu?" aliuliza, akiwageukia watu. "Juma Vuai alipofiwa na mtoto, kapakiwa? Mimi nilipofiwa na kaka yangu, nilipakiwa? Katuambia, kapanda mashine yake, kaenda zake. Sisi tukangoja gari kwenye jua." Akaubonyeza mto tena. "Hakuna serikali inayomletea mfiwa mto."

Kisha akamgeukia mkwewe, na sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza. "Panda, wewe. Mtoto wangu anakungoja, wewe unataka kuoga."

Pandu alipanda na tope lake.

Safari ya kurudi siitamani tena. Pandu alikuwa hajapata kukalia pikipiki, na alinikumbatia kifua kwa mikono yake ya mkulima mpaka pumzi ikawa haba.

"Usinikabe, Pandu."

"Nkikuachia ntaanguka."

"Ukinikaba tutaanguka sote."

Alilegeza kidogo, halafu tukakutana na ng'ombe, akakaza tena. Karibu na Mahonda nikasikia gurudumu la nyuma linacheza. Msumari. Nikasimama chini ya minazi, nikatoa spana, viraka na pampu. Nilikuwa nimeziba mipira zaidi ya mara mia, na siku ile niliukemea ule kama mwanafunzi. Ikanijia sauti ya Fundi Mabruki, aliyekwisha tangulia mbele ya haki, akinambia kuwa mpira hauzibiki kwa kuukemea. Nikasugua, nikapaka gundi, nikahesabu tasbihi thelathini na tatu ili iweze kukauka, kwa sababu najua nisipohesabu nitabandika mapema. Pandu nilimpa pampu.

"Maalim," alisema akipiga pampu, jasho na machozi havijulikani, "niambie kweli sasa, tuko wawili tu. Yu hai?"

"Piga pampu."

"Mbona hunijibu?"

"Kwa maiti ningelikuwa nimekuacha uoge. Piga pampu."

Hilo nadhani ndilo lililomwingia. Alipiga pampu ile mpaka nikamzuia, maana mpira ulikuwa unataka kupasuka.

Tulifika hospitali saa nane kasorobo. Bi Salma alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Alimvuta Pandu kwa mkono wa shati, naye akamfuata kama mtoto anayepelekwa chuoni. Mimi nikasimama kizingitini mwa wadi, na nilimuona Mize akigeuza kichwa. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini kila mtu aliisikia.

"Mbona umechelewa?"

Pandu alipiga magoti kando ya kitanda. Nadhani hakuwa na nguvu ya kutafuta neno jingine. "Tulikuwa tunakuchimbia kaburi," alisema.

Mize alimtazama, akayatazama matope yake, akanitazama na mimi. "Refu?"

"Sijaliona. Vijana ndio wanaochimba."

"Basi nenda kawaambie walifukie," alisema. "Lakini kwanza mpe daktari ruhusa, naumwa mimi."

Daktari hakungoja kufasiriwa. Wakamchukua.

Mimi na Pandu tulikwenda bombani. Nilimfundisha majivu na ndimu, ingawa tope hutoka kwa maji tu. Nilitaka mikono yake iwe na shughuli. Tukasali adhuhuri pamoja uani, kisha tukakaa. Alasiri ikaingia, tukasali tena. Pandu akaniuliza kama kaburi lililochimbwa likakosa mtu ni mkosi. Nikamwambia kuwa sijaona kitabu kinachosema hivyo. Akanambia Bi Kombo atazika humo mgomba hata hivyo, kama walivyozoea. Nikamwambia kuwa kwa leo sina la kumwambia Bi Kombo.

Bi Salma alitoka jua limeanza kupoa. Alikuwa amevua kitambaa cha kichwani na anajipepea nacho. "Amezinduka," alisema. "Anauliza kama mumewe amekula." Kisha akaniuliza mimi mto wake uko wapi. Ulikuwa bado kwenye mashine, umejaa tope. Aliutazama, akaubeba, akaondoka bila ya kunishitaki.

Pandu alisujudu pale pale kwenye saruji. Mimi nilibaki nimeketi. Sijui kama mmewahi kubeba gunia njia ndefu, mkalitua, na mabega yakabaki yamepanda juu kwa mazoea. Mimi mabega yangu yalishuka jioni ile, na ndipo nilipojua yalikuwa juu kwa miaka sita.

Siku ya pili nilikwenda kwa karani mkuu, nikamuomba pikipiki ipeleke pia khabari za wazima: aliyejifungua, aliyepona, anayerudi nyumbani. Alinambia petroli ya serikali haikuletwa kwa kutangazia furaha. Nikamuuliza kama imeletwa kwa kuchimbia makaburi watu walio hai. Aliandika kitu, akanambia nisimzoee.

Mize alikaa wadini wiki tatu. Siku moja kabla ya kuruhusiwa nilipewa karatasi niipeleke Mkokotoni. Hali ya hewa ilikuwa njema, upepo unatoka kusini, na nilijua kwamba mlio umeshanitangulia. Soko lilinyamaza kama siku zote. Muuza samaki aliinua panga, akalisimamisha. Nilimuona Bi Kombo amesimama kwenye mafungu ya mihogo, kikapu mkononi, hatikisiki.

Sikushuka. Sikuzima hata mashine. Nilisimama katikati ya njia, mguu mmoja chini, na mimi niliyefundishwa kwamba sauti ya mtu mwenye elimu haipiti kikao chake, nilipiga ukelele uliowashinda wanadi wa soko.

"Mize anarudi kesho na gari la saa nane! Anakwenda kwa miguu yake!"

Panga la muuza samaki likashuka, likakata. Mtu mmoja akacheka, halafu wengine, na vigelegele vikaanza upande wa mihogo vikaenea mpaka pwani.

Hivyo ndivyo nilivyofanya kuanzia siku ile mpaka nilipostaafu, na ndivyo ninavyokuusieni nyinyi mnaozichukua mashine hizi. Khabari njema itamkeni kabla hamjazima. Msiba ndio unaongoja baraza. Mkipita kimya watu watajua, na mkipiga kelele watajua, na baina ya hayo mawili hakuna mtu atakayeshika jembe bure.

Bi Kombo alinijia kupitia kwenye watu, akapunga mkono mbele ya pua yake kwa ajili ya moshi. Miaka yote ile nilikuwa sijapata kutia tonge mdomoni Mkokotoni. Tarishi wa msiba hali kitu, na hakuna aliyemkaribisha.

"Maalim," alisema, "zima basi hilo lako, ushuke ule. Umetuziba masikio."

Nikazima.